Kiangazi na kondoo wa sufu: jinsi ya kuzifaidi siku za jua Kinangop

Huku Kinangop, Kenya, tuko juu ya mita 2,400, na jua kwetu ni mgeni. Aprili tunatembea kwenye tope, Julai tunaamka na ukungu na kulala na ukungu. Kisha inaingia Januari. Mbingu inafunguka, safu ya Nyandarua inaonekana hadi mikunjo yake, na ukisimama ukingoni mwa bonde unauona mlima Longonot kana kwamba mtu ameupangusa vumbi. Hali hiyo hudumu hadi katikati ya Machi hivi, masika yanapokaribia. Kwa anayefuga kondoo wa sufu, hizo wiki kumi ndizo za kunyoa, kuosha, kutia rangi na kusokota. Ndizo pia za kukaa kwenye nyasi na kutulia. Mwongozo huu ni wa kuyapata yote mawili.

Nafuga kondoo kumi na wanne kwenye eka tatu na nusu, karibu wote Corriedale. Uzao huu ulitokana na kuchanganya Merino na Lincoln huko New Zealand katika karne ya 19, na sufu yake iko katikati: si laini kama ya Merino, wala haikwaruzi kama ya kufumia mazulia. Nyuzi zake ni ndefu, sentimita 10 na zaidi kwa mwaka mmoja, kwa hiyo hazimsumbui mtu anayejifunza kusokota kwa mkono. Kama ulio nao ni Dorper au kondoo wekundu wa Kimaasai, hao ni wazuri kwa nyama lakini manyoya yao hayasokotwi.

Kwanza, igawe kazi kabla jua halijakukuta

Miaka miwili ya kwanza niliitumia Januari vibaya. Nilitaka kondoo wote wanyolewe siku moja, sufu yote ioshwe wiki hiyo hiyo, na ua ukarabatiwe jumamosi inayofuata. Kufika Februari nilikuwa nimechoka, mgongo unauma, magunia ya sufu yamerundikana chafu, na zile siku nzuri zimepita nikiwa nimeinama. Sasa mpango wangu ni huu, na naupendekeza kwa yeyote mwenye kundi dogo.

Wiki tatu za kwanza za Januari usinyoe. Usiku wake ndio wenye jalidi kali, ule umande unaoganda na kuunguza viazi, na kondoo aliyevuliwa sufu usiku huo anateseka. Zitumie kukarabati banda, kumwaga maji yaliyokaa kwenye matangi, kukata nyasi za kukausha na kutafuta mkasi mkali. Anza kunyoa wiki ya mwisho ya Januari, kondoo wawili au watatu kwa siku, uwe umemaliza kabla ya katikati ya Februari. Hivyo kila mmoja anapata angalau mwezi mmoja wa kuotesha koti jipya kabla mvua haijamkuta.

Asubuhi: usiwakimbize nje

Hili ni jambo dogo na lina faida kubwa. Kukipambazuka nyasi zimelowa, na mara nyingine zimekuwa nyeupe kwa jalidi. Viluwiluwi vya minyoo hupanda kwenye majani yaliyolowa na kondoo huvila pamoja na nyasi. Jua likishakausha malisho, hatari hiyo hupungua. Kwa hiyo mimi sifungui lango kabla ya saa tatu. Nawapa nyasi kavu bandani, naweka maji, halafu nakaa kwenye kigogo kilichoegemea ukuta wa mashariki na kikombe cha chai ya maziwa.

Ukikaa hapo unawaona kondoo wako kwa namna ambayo huwezi kuwaona ukiwa mbioni. Unajua nani anacheua na nani hacheui. Unamwona anayechechemea. Mara moja kwa wiki, katika muda huo huo, washike mmoja mmoja na uvute kope la chini la jicho. Ndani pakiwa pekundu, kondoo yuko sawa. Pakiwa pameanza kuwa peupe kama karatasi, ana minyoo inayomnyonya damu na anahitaji dawa siku hiyo. Kuwapa dawa wale tu wanaohitaji ni bora kuliko kunywesha kundi zima kila mwezi, kwa sababu minyoo huizoea dawa.

Kiangazi maji ni muhimu kuliko unavyodhani. Kondoo mzima anayekula nyasi kavu hunywa lita nne au tano kwa siku, na anayenyonyesha huzidi hapo.

Siku ya kunyoa

Jioni ya kuamkia siku hiyo, funga wale wawili au watatu bila chakula. Tumbo likijaa, kondoo anapokalishwa kwa makalio hupumua kwa shida na hutapatapa. Hakikisha sufu imekauka kabisa. Sufu ikifungwa na unyevu huvunda na kuwa ya manjano.

Anza saa nne, jua likiwa limepasha mgongo wa kondoo. Joto hulainisha mafuta ya sufu na mkasi unapita bila kukwama. Tandaza turubai safi. Mkalishe kondoo kwa makalio, mgongo wake ukiegemea magoti yako, kichwa kikiwa ubavuni mwako. Asiposimamisha miguu chini hukata tamaa ya kukimbia, na ukimshika kwa utulivu hulegea kabisa.

Nyoa tumbo kwanza na uiweke sufu hiyo kando, kwa sababu ni fupi na chafu. Kisha mguu wa nyuma, ubavu, shingo, ukizunguka mgongo mpaka upande wa pili. Mkono usio na mkasi ndio wenye kazi kubwa: unavuta ngozi ikaze mbele ya makali, maana ngozi iliyokunjamana ndiyo inayokatwa. Kuwa mwangalifu zaidi kwenye kiwele na kwenye mikunjo ya mapaja. Laza mkasi ubapa, kata mara moja, ndefu, karibu na ngozi. Ukiacha vishina usirudi kuvipunguza, kwa sababu vile vipande vifupi vya mkato wa pili huingia kwenye sufu nzuri na baadaye huwa vinundu kwenye uzi. Ukimjeruhi, paka dawa ya zambarau ya kutoka agroveti papo hapo, nzi wasitage hapo.

Mimi humtumia kila kondoo dakika arobaini. Wanyoaji wa kukodi humaliza kwa dakika chache tu, na kwa mwenye kondoo mia hao ndio wanaofaa. Lakini mwenye kumi na wanne ana nafasi ya kunyoa mwenyewe, na kuna kitu hapo ambacho sitaki ukikose. Koti linapotoka lote kwa pamoja, unaligeuza juu ya turubai. Nje ni la kijivu, limejaa vumbi la barabara, mbegu za nyasi na udongo. Ndani ni rangi ya malai, lina mawimbi madogo yaliyopangana kama ukili, na bado lina joto la mnyama. Tumbukiza mikono. Inatoka ikiwa na mafuta, na zile nyufa za vidole ambazo baridi ya Julai iliziacha hupona ndani ya wiki hiyo.

Akiachiliwa, kondoo huruka mara mbili tatu na wenzake humnusa kana kwamba hawamjui. Mwache. Usiku, kwa wiki mbili, alale ndani ya banda lenye paa na ukuta wa kuzuia upepo.

Kuchambua

Mchana huo huo, koti likiwa bado wazi juu ya turubai, toa sehemu za pembeni: zenye kinyesi, zenye madoa, za miguuni. Usizitupe. Zitandaze chini ya kabichi au miti ya matunda, zitazuia magugu, zitatunza unyevu, na zinapooza polepole zinaacha naitrojeni kwenye udongo. Sufu ya mabegani ndiyo bora kuliko zote, iweke peke yake. Vuta kishada kimoja kwa mikono miwili karibu na sikio. Kikilia kama uzi wa gitaa ni imara. Kikikatika, kondoo huyo aliugua au alikosa chakula miezi fulani iliyopita, na sufu yake usiisokote kwa uzi mwembamba.

Kuosha, kazi inayotaka akili iliyotulia

Hapa ndipo wengi huharibu, na mimi niliharibu. Koti langu la kwanza nililitoa kwenye maji ya moto nikalitia kwenye maji baridi ya tangi, kisha nikalifikicha kama sare ya shule. Ndani ya dakika chache lilishikana likawa kitu kimoja kigumu, na hakuna mkono wa binadamu unaoweza kuliachanisha tena. Tulilikata soli za ndani za gambuti, na zilitupasha miguu joto mpaka Agosti, lakini nilihuzunika sana siku hiyo. Mambo mawili yalilishikanisha: kubadilisha joto ghafla na kufikicha. Yaepuke hayo, mengine ni rahisi.

Usiku mmoja kabla, loweka sufu kwenye maji baridi ya mvua. Maji yatakuwa kahawia kama chai ya rangi. Huo ni udongo pamoja na jasho la kondoo, na jasho hilo lina potasiamu, kwa hiyo mwagia sukuma wiki au vitunguu.

Asubuhi, jaza sufu kwenye mifuko ya neti ya vitunguu, nusu kilo kila mfuko, bila kuishindilia. Mafuta ya sufu huyeyuka kwenye nyuzi 40 hivi, lakini ili yatoke vizuri maji yanatakiwa yafike 60 au zaidi. Huku juu maji huchemka kwenye nyuzi 92 hivi, siyo 100, kwa hiyo kipimo changu ni ndoo mbili za maji yaliyochemka kwa ndoo moja ya baridi. Changanya kwenye karai, koroga sabuni ya maji ya kuoshea vyombo mpaka maji yateleze vidoleni, ndipo uzamishe mfuko taratibu kwa kijiti. Usimwagie maji juu ya sufu. Funika karai kwa kipande cha mbao, uache dakika ishirini, si zaidi, maana maji yakipoa mafuta huganda tena kwenye nyuzi na yanang'ang'ania kuliko mwanzo.

Inua mfuko, uache uchuruzike, uingize kwenye karai la pili lenye joto lile lile na sabuni kidogo. Kisha mara mbili kwenye maji matupu, bado joto lile lile. Ni hayo tu. Hakuna kukamua kwa kusokota; bonyeza kati ya taulo mbili.

Zile dakika ishirini ni zako. Mimi na mke wangu tunaweka jiko la kuni chini ya mti, sufuria ya maji upande mmoja na viazi kwenye majivu ya moto upande mwingine. Karai la kwanza likiisha, viazi vimeiva. Tunakula na chumvi na siagi huku la pili likilowa. Tunaosha mifuko minne kwa asubuhi, basi, na kufika saa saba tumemaliza.

Kaushia kivulini. Jua la mwinuko huu ni kali na huifanya sufu iwe ya manjano na kavu kama nyasi. Nimetundika waya wa kuku kati ya miti miwili ya muwati, upepo unapita juu na chini, na kufika jioni sufu imekauka. Kilo moja ya sufu chafu hunipa karibu gramu 600 safi.

Mchana malishoni

Kuanzia saa saba mpaka saa kumi usijipangie kazi. Wafuate kondoo. Tumegawanya malisho yetu sehemu nne kwa waya na tunahama kila wiki, na sehemu moja daima hubaki na nyasi zake za mafungu mafungu bila kuguswa. Naiacha kwa sababu ya ndege.

Sharpe's longclaw, ambaye wataalamu humwita Macronyx sharpei, anaishi Kenya pekee, kwenye nyanda za nyasi za mwinuko, na Kinangop ni moja ya ngome zake kubwa. Mgongo wake una michirizi ya kahawia, koo na tumbo ni vya njano, na kifuani amevaa mkufu wa michirizi myeusi. Hapendi kuruka mbali. Hukimbia kati ya mafungu ya nyasi, na kiota chake hukijenga chini, kwenye shina la fungu. Shamba likilimwa viazi au kabichi, nyasi zinaisha na yeye anaisha. Malisho ya kondoo yanamfaa, ndiyo maana kundi la Friends of Kinangop Plateau lilianzisha karakana ya kusokota sufu pale Njabini: mkulima akipata pesa kwenye sufu, hana sababu ya kuzilima nyasi zake zote. Niliposikia hoja hiyo mara ya kwanza nilikuwa nimeshamwita mtu wa trekta. Nilimpigia simu asije.

Kwa hiyo ukienda malishoni, keti chini, usitembee ovyo kwenye mafungu, na mfunge mbwa. Beba flaski ya chai, leso ya kukalia, na kofia. Hukai nusu saa kabla hujamwona mmoja.

Kutia rangi kwa vinavyotupwa

Chagua siku moja tu kwa wiki. Kwanza sufu inatakiwa ipate shabu, ile ya kusafishia maji, ili rangi ishike. Kwa gramu 100 za sufu kavu weka gramu 10 hadi 15 za shabu, iyeyushe kwenye maji ya uvuguvugu, tia sufu iliyolowa, pasha taratibu kwa saa moja bila kuchemka, uache ipoe humo humo.

Baada ya hapo jikoni kwako kuna rangi. Maganda makavu ya vitunguu, nusu ya uzito wa sufu, hutoa dhahabu hadi rangi ya chungwa iliyokolea. Majani ya karoti, ambayo hapa Njabini hutupwa kwa malori zinapooshwa, hutoa njano ya kupendeza. Tumia mara mbili ya uzito wa sufu. Gome la muwati hutoa kahawia. Chemsha majani au maganda kwa saa moja, chuja, acha maji yapungue joto, ndipo uweke sufu. Sufuria hiyo isirudi kupikia chakula. Bizari huvutia macho siku ya kwanza, lakini jua huila, kwa hiyo siitumii.

Jioni: kuchana na kusokota

Saa kumi na moja upepo unaanza kuwa wa baridi na kondoo wanarudi wenyewe. Baada ya kuwafungia, tunakaa barazani na vichanuo viwili vya meno ya waya. Kama huna, brashi mbili za kuchania mbwa zinatosha kuanzia. Pakaza sufu kidogo kwenye kimoja, pitisha kingine juu yake kwa mkono mwepesi mpaka nyuzi zielekee upande mmoja, kisha ikunje iwe kama soseji.

Watoto wakija kututembelea huwa tunawafundisha kusokota kwa kijiti na kiazi. Kijiti kilichonyooka cha sentimita 30, kiazi kidogo kigumu kimechomekwa karibu na ncha ya chini, mkato mdogo juu wa kushikia uzi. Kizungushe kama pia kikining'inia, mkono wa juu ukiachia sufu kidogo kidogo. Uzi ukikatika, tawanya ncha zote mbili, zilaze pamoja, zungusha tena. Utakatika mara nyingi siku ya kwanza. Siku ya tatu unaanza kusikia vidoleni lini sufu inataka kuachiwa. Kiazi hunyauka baada ya siku chache, kibadilishe au uweke kisahani cha mbao.

Uzi mmoja ukizungushwa kulia, unganisha nyuzi mbili kwa kuzungusha kushoto, ndipo zitulie. Loweka fundo la uzi kwenye maji ya uvuguvugu, litundike na uzito mdogo chini likauke. Ukiwa mnene unafaa kwa vikapu vya kiondo, na akina mama wanaosuka huuulizia kila mara ukiwa na rangi za majani. Ukiwa mwembamba ni wa sweta.

Kabla ya mvua

Wiki ya kwanza ya Machi, kusanya sufu yote safi. Weka kwenye mifuko ya kitambaa, siyo ya plastiki, na mifuko uifungie kwenye sanduku la bati kama lile la wanafunzi wa bweni, nondo wasiingie. Kila mfuko utie karatasi: kondoo yupi, alinyolewa tarehe gani, rangi ilitokana na nini. Mwakani utataka kujua ile njano uliipataje. Kila mwezi ukipata saa moja ya jua, fungua sanduku na uikung'ute. Mfuko mmoja uache nje, karibu na jiko, pamoja na kijiti chako.